Sol ya Mwisho katika Wimbo wa Ilunga

Mwanangu, jana nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba wimbo wake ameutunga vibaya, nami nikakumbuka Jumamosi moja kule mtaani kwetu Kamalondo, nilipokuwa na umri kama wako na kundi letu la roki likakaribia kuvunjika.

Mimi nilipiga kinanda. Ilunga alipiga gitaa na kuimba. Tulifanyia mazoezi uani kwa Mama Feza, mwalimu wa kwaya ya parokia, aliyetuvumilia pamoja na makelele yetu yote. Ilunga alikuwa amemtungia baba yake wimbo. Mzee huyo alikwenda Mitwaba kulima, akakaa huko miaka mingi bila kurudi nyumbani, na sasa alitazamiwa kesho yake. Maneno ya kiitikio yalikuwa mepesi tu: Baba, mulango iko wazi.

Wimbo ulizunguka kwenye akordi nne, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja: mi mineur, do, sol, ré. Kwa kuwa ulianza na mi mineur, ile yenye majonzi, niliamua kwamba hapo ndipo nyumbani kwake, na kila tulipofika mwisho niliurudisha hapo. Ilunga alisimama kila mara, akasema ninamharibia wimbo. Nikamjibu kwamba wimbo ulioanza kwa huzuni huishia kwa huzuni, na kwamba mtu aliyeachwa na baba yake hawezi kumwimbia kwa furaha. Hapo akachomoa waya wa gitaa, akaanza kuuviringisha aende zake.

Mama Feza akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Mimi hakuniuliza kitu. Alimwomba Ilunga aimbe kiitikio bila gitaa wala kinanda. Sauti ya Ilunga ilipanda hadi noti ya si, ikashuka hadi la, ikatua kwenye sol na kukaa pale, kama mtu anayevua viatu baada ya kazi. Mama akamwambia arudie. Ikatua palepale.

Kisha akanigeukia. "Shikilia ile sol ya Ilunga na mukono ya kuume," akasema. "Na ya kushoto, piga mi mineur."

Nikapiga. Noti ile ikawa na kilio ndani yake.

"Sasa iache vile iko, piga sol majeur chini yake."

Nikapiga. Noti ilikuwa ileile, mwanangu, hata kidole sikukiinua, lakini sasa ilikuwa imefika nyumbani. Nikaelewa kwamba hata ile akordi ya ré iliyotangulia ilikuwa ikivuta kuelekea huko muda wote, nami nikiikatalia.

"Zote mbili ni muzuri," Mama Feza akasema. "Lakini mwenye wimbo ulimuuliza? Ilunga, baba yako unamulilia ao unamuita?"

Ilunga akajibu: "Namuita, Mama. Kasirani ilikuwaka. Iliisha."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo, wala mimi niliyekaa naye kila siku. Nikamwomba aurudishe waya wake. Mi mineur tukaiacha mwanzoni, maana machungu yalikuwepo kweli. Mwisho tukautua kwenye sol.

Kesho yake tuliupiga uani kwao. Baba yake alikaa karibu na mlango, begi bado liko miguuni, kama mgeni asiyejua kama ataambiwa alale. Tulipofika ile sol ya mwisho niliishikilia hadi ikafifia yenyewe. Mzee akajifuta uso kwa kofia.

"Murudie pale pa mwisho," akasema.

Tulipokuwa tunarudia akainuka, akabeba begi lake, akaliingiza ndani mwenyewe.

Basi, mwanangu, ukitaka kuuchambua wimbo, usisikie akordi ya kwanza ukadhani umeshaujua. Uimbe kwanza bila vyombo, usikilize unapotua. Noti moja ijaribie akordi zaidi ya moja, maana kilicho chini yake ndicho kinachokuambia kama inalia au inapumzika. Na ikiwa mtunzi yuko mbele yako, muulize alitaka kusema nini kabla hujamsahihisha. Hayo yatakusaidia hata siku ambazo hakuna gitaa karibu. Mwendee mwenzako, mwambie aimbe tena, na wewe unyamaze.

Mungu akupe masikio yenye subira na vidole visivyochoka, na akujalie watu wa kupiga nao muziki hadi nywele zenu ziwe nyeupe kama hizi zangu.