Kazi Niliyoahidiwa na Chuo Changu

Mwenzangu wa darasani alinipigia simu nikiwa kazini, katika duka la steshenari mjini Same, nikimjazia mteja maombi ya kazi mtandaoni.

"Kaka, chuo kinatafuta mtu wa kusaka wanafunzi huko kwenu milimani," akasema. "Watu wanakuamini. Lete wanafunzi, na wewe utaajiriwa."

Nikamuuliza yeye anafanya nini siku hizi.

"Hiyohiyo. Kanda nyingine tu." Akacheka.

Tulisoma wote shahada ya kompyuta katika chuo cha binafsi. Kati ya wale ambao bado nina habari zao, ni yeye pekee mwenye ajira ya kudumu, na aliyemwajiri ni chuo chenyewe. Nilipokata simu nikajiuliza: wanapotangaza kwamba wahitimu wao wanaajiriwa, na yeye huwa wanamhesabu? Nikikubali, watanihesabu na mimi?

Sikukataa. Nilikuwa nimechoka kutoa kopi na kuchapa barua za watu, na mwenye duka hajawahi kutaka kukiona cheti changu. Ila nikisema cheti hakikunisaidia chochote nitakuwa nadanganya. Kiliniwezesha kuitwa kwenye usaili mara moja, na bila hicho nisingeitwa. Huko wakanikalisha mbele ya kompyuta, wakasema, "Tuonyeshe kitu ulichowahi kutengeneza." Chuoni tulikuwa tukiandika programu kwenye karatasi, kwa kalamu, kwa sababu mashine za maabara zilikuwa chache na nyingine hazikuwaka kabisa. Nikakaa pale nikizikumbuka alama zangu, ambazo zilikuwa nzuri.

Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda nyumbani milimani, kijijini Mamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtaalamu umefika wakati mzuri. Redio imekataa kuongea."

"Mama, mimi si fundi redio."

"Sasa miaka yote ile ulisomea nini?" Alikuwa anatania, lakini aliendelea kunitazama kama anayesubiri jibu.

Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita na alikuwa ameshaamua: atasoma kompyuta, palepale niliposoma mimi. Mama alikuwa ameshachagua kipande cha shamba ambacho tangawizi yake itang'olewa kabla ya kukomaa ili ada ipatikane. "Changa haina uzito," alisema, "lakini chuo hakingoji." Nilipomwambia kwamba chuo kinatafuta wanafunzi, akaenda moja kwa moja kwa mwinjilisti kuniombea nafasi ya kuongea baada ya ibada. Habari ya ajira niliyoahidiwa sikumwambia.

Kwetu sadaka za mazao hunadiwa nje ya kanisa, na mtu anaweza kununua kitu akamzawadia mwenzake. Jumapili ile jogoo mmoja aligombewa sana.

"Huyu ni Mlutheri kamili," mzee wa kanisa alinadi. "Hawiki mpaka mseme amina."

Shangazi akawashinda wote. Akambeba yule jogoo hadi alipokuwa mdogo wangu, akamkabidhi mikononi. "Huyu ni wa binti yetu. Akasome kompyuta kama kaka yake." Vigelegele vikapigwa, na mwinjilisti akanikaribisha mbele.

Nilianza na majengo ya chuo, ambayo kweli ni mazuri. Kisha nikamwona mdogo wangu amesimama, ameshika jogoo kwa mikono miwili, ananisikiliza kuliko mtu yeyote pale. Nikasema kwamba chuo kimeniahidi kazi nikikipelekea watoto wao, na mtoto wa kwanza angekuwa huyu. Nikasema kazi nyingine ya kompyuta sijapata. Huenda wapo wahitimu wengine waliopata, mimi siwajui. Anayetaka kumpeleka mwanawe aende kwanza akaombe kuingia maabara, awashe mashine kwa mkono wake.

Mwinjilisti akakohoa. "Tumshukuru ndugu yetu," akasema, na mnada ukaendelea na ndizi. Mama alikuwa anaangalia chini.

Njiani mdogo wangu alitangulia, jogoo kwapani. Tulipofika kwenye mteremko akasimama.

"Umenifungia mlango mbele ya kanisa zima."

"Nimesema ukweli."

"Ukweli wenyewe umeupata wapi? Si kulekule chuoni? Tangawizi ya mama ilikupeleka ukaenda kujua kwamba hakifai. Mimi nijulie wapi?"

Huwa nahoji kila kitu, lakini hilo sikuwa nimejihoji: hata huu uhodari wangu wa kukisema vibaya chuo, nilikwenda kuulipia huko.

Jioni alimfunga jogoo kwenye nguzo ya jiko, akaja na kigoda akakaa mbele yangu.

"Lete laptopu. Nifundishe unachokijua. Kikiisha upesi nitajua hapafai. Kisipoisha, naenda, na usiniambie kitu."

"Na ada?"

Mama ndiye aliyejibu kutoka jikoni, maneno yake ya kwanza kwangu tangu kanisani. "Tangawizi ikae ardhini kwanza. Mfundishe nisikie."

Nikaiwasha laptopu. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaweka vidole juu ya vitufe, nikajikuta nazikumbuka tena alama zangu, kama siku ile ya usaili.

"Anza," akasema mdogo wangu.