Maharagi Kwenye Korido ya Kampuni

Kikundi chetu kilizaliwa nyumbani kwangu Nyamianda, kati ya cherehani na lundo la mashati ya shule yaliyokuwa yakingoja vifungo. Tulikuwa watatu. Mimi ni fundi wa kushona, nikachaguliwa mwandishi kwa sababu mwandiko wangu haupandi mlima. Wa pili alikuwa jirani yangu, mjane anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale ufukweni Kalundu. Hajui kusoma, lakini neno likishaingia masikioni mwake halitoki. Wa tatu alikuwa papa mmoja, mzee wa watu, aliyefanya kazi posta miaka mingi, mpaka posta yenyewe ikabaki jengo tu. Tulikubaliana kazi yetu iwe moja: kuwakumbusha wakubwa yale waliyotamka kwa midomo yao wenyewe.

Kilichotukutanisha ni mafuta machafu. Kampuni moja ya kutengeneza injini za boti ilikuwa ikiyamwaga kwenye mtaro unaoshuka ziwani, palepale akina mama wanapooshea samaki. Maji yalimetameta kama shingo ya njiwa, na wateja walianza kunusa ndagala kabla hawajauliza bei. Wakati wa kampeni, mbunge wetu alisimama juu ya mchanga ule akasema kampuni itajenga shimo la kuwekea mafuta, lenye kifuniko. "Nikishindwa," alisema, "sitarudi tena hapa."

Alichaguliwa, na shimo halikujengwa.

"Ahadi moja ametimiza," jirani yangu aliniambia. "Kweli hajarudi."

Basi tukaandika barua mbili, moja ya kampuni na moja ya mbunge. Papa wa posta alitupa sharti. "Barua bila muhuri ni upepo," alisema. "Wapige muhuri kwenye kopi yetu. Bila ile, kesho watasema hawakuona kitu."

Kwenye ofisi ya kampuni, sekretari alitupokea kwa adabu. "Acheni tu hapo juu ya meza," alisema.

"Tunaomba muhuri," nikamwambia.

"Mwenye muhuri hayuko."

"Atarudi lini?"

"Haijulikani."

Tulienda mara tatu, na mara zote tatu mwenye muhuri hakuwako. Mara ya nne jirani yangu alikuja na beseni la maharagi mabichi kichwani. Nilimuuliza ni ya nini. "Leo ni siku ya maharagi kwangu," alijibu. "Nitayamenya nikingoja." Akaketi sakafuni kwenye korido, akanyoosha miguu, akaanza. Nami nikaketi. Papa wa posta alivua kofia yake, akajaribu kumenya, na punje za kwanza zikaruka mpaka chini ya kiti cha sekretari. Baada ya saa moja akina mama wengine wakapanda kutoka ufukweni, kila mmoja na kazi yake: mwenye sombe, majani ya muhogo ya kuchambua, mwenye mchele wa kuchagua, mwenye mtoto wa kunyonyesha. Hakuna aliyepaza sauti. Tulizungumza habari za ndoa na za mvua, na wageni wa kampuni wakawa wanavuka maganda kama watu wanaovuka mto.

Hata sekretari alishindwa kuvumilia. "Mama," aliuliza polepole, "hii maharagi iko ya Ruzizi?"

"Iko ya Ruzizi. Onja hata moja, utajua."

Hapo mlango wa ndani ukafunguka, mkurugenzi akatoka, akakosa pa kukanyaga.

"Bamama, munafanya nini hapa?"

"Tunangoja muhuri, papa," jirani yangu akamjibu. "Hatuko na haraka. Maharagi iko mingi."

Alitutazama, akatazama beseni, kisha akarudi ndani. Kumbe muhuri ulikuwa kwenye droo yake. Aliupiga mwenyewe. Papa wa posta akapuliza wino, akainua karatasi kwenye mwanga. "Nimepiga mihuri maisha yangu yote," alisema. "Huu umekaa vizuri." Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kwa mbunge haikuwa kazi. Tulipeleka kopi kwenye redio ya mjini, wakaisoma hewani pamoja na muhuri wa kampuni, na Jumamosi iliyofuata, asubuhi, gari la mbunge likashuka Kalundu. Mkurugenzi alikuwa ndani. Ufukwe ulijaa watu. Jirani yangu akasogea mbele, akatoa kitambaa, akajifuta paji la uso kama mbunge alivyofanya siku ya kampeni, akarudia hotuba yote, neno kwa neno, mpaka kikohozi cha katikati. Watu walicheka hadi wengine wakakaa mchangani. Mbunge mwenyewe alijizuia, akashindwa, akacheka.

"Mama, weye ulikuwa unaandika?"

"Hapana, Onorabule. Minye sijui kuandika. Minye nasikia tu."

Mkurugenzi akataja siku ya kuanza kazi. Niliiandika papo hapo, na wote wawili wakatia sahihi, karatasi ikiwa imelazwa juu ya mgongo wa papa wa posta.

Shimo lilichimbwa. Tulikwenda kulitazama kila siku, mpaka mafundi wakazoea kutuwekea mawe ya kukalia. Siku moja jirani yangu aligonga ukuta kwa ngumi, akasema unalia kama ngoma, ndani ni mtupu. Wakaubomoa, wakaujenga upya bila kunung'unika.

Mafuta hayakuondoka ziwani kwa siku moja. Lakini asubuhi moja niliitwa mbio, nikaacha nguo chini ya sindano. Nilipofika, akina mama walikuwa wamesimama ndani ya maji mpaka magotini, wakiangalia chini. Niliingia, nikainamisha kichwa pamoja nao. Niliona mchanga, nikaona vidole vyangu, vyote kumi. Mmoja akaanza wimbo wa kanisani, wengine wakaupigia mabeseni, ukageuka ngoma. Papa wa posta alikunja suruali yake ya kazi ya zamani akaingia naye, akicheza vibaya sana. Nililowa mpaka kifuani, na sikujali.

Wiki ileile mama wawili kutoka Songo walibisha hodi kwangu. Walikuwa wamekuja kuniambia habari za bomba la maji waliloahidiwa na hawajaliona. Niliwapa viti, nikasogeza cherehani pembeni.