Nane ya Mchana

Msianze kunipoza kabla sijamaliza. Kila ninayemsimulia mbio zake ni hizo hizo: ulikuwa mwanafunzi, ulikuwa mtoto, yaliyopita yamepita. Nyamazeni kwanza mumjue mwenyewe.

Tulimwita Sista Soma-Tena. Si mbele yake, ingawa alijua, maana masikio yake yalisikia hata mgonjwa akijigeuza kitanda cha mwisho. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na saa ndogo ameibana kifuani kwa pini. Jina lilitokana na neno lake mwenyewe. Ukitoa chupa ya dawa kabatini, soma. Ukivuta dawa kwenye bomba la sindano, soma tena. Ukirudisha chupa, soma tena. Tukinuna anatuuliza kama macho tumeyaazima na mwenyewe anayataka jioni. Mwandiko wangu ndio ulikuwa starehe yake: alisema kuna kuku amekanyaga wino akapita kwenye karatasi yangu, na akimpata kuku huyo atampa ajira yeye anirudishe mimi nyumbani.

Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama yake, wakiishi wawili chumba na sebule nyuma ya soko, na alikuwa na wodi ya wanaume, vitanda thelathini. Mfukoni alibeba kalamu za kutugawia sisi wanafunzi, kwa sababu hakutaka kusikia kwamba dawa haikuandikwa eti kalamu ilikwisha. Kwake dawa ambayo haikuandikwa haikutolewa, na iliyoandikwa imeandikwa, basi, hakuna mjadala. Karatasi ya mgonjwa aliiamini kuliko alivyomwamini daktari. Aliiamini kuliko alivyojiamini yeye.

Sasa hii habari ya saa. Sisi mdomoni tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, lakini karatasi ya wodini inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa mbili asubuhi unaandika nane. Saa nane mchana unaandika kumi na nne. Ni jambo dogo, kila muuguzi analijua, na Sista alituimbisha mpaka tukachoka. Siku ya kwanza tu alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, ukiingia mlango huu, saa ya nyumbani iache nje."

Siku yenyewe nilikuwa zamu ya asubuhi, mwaka wangu wa pili chuoni. Kulikuwa na fundi viatu mmoja, mtu wa maneno mengi, ameingia alfajiri sukari imepanda. Sindano yake ya asubuhi alichomwa kule mapokezi, ikaandikwa kwenye karatasi ya kule. Ya wodini ilikuwa nyeupe kabisa. Saa nane mchana nikavuta dawa yake ya sukari, sista wa asubuhi akahakiki kipimo, nikamchoma. Mtu ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho. Fundi akaniambia viatu vyangu vinalia njaa na akitoka atavishona. Nikacheka, nikachukua karatasi, nikaandika saa iliyokuwa kichwani mwangu. Nane. Nikatia sahihi. Halafu nikatumwa stoo kufuata dripu, na stoo kulikuwa na foleni.

Makabidhiano ya zamu yalifanyika kwa miguu: sista wa asubuhi anatoka mbio ana msiba kwao, Sista Soma-Tena anaingia. Akaanza kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho na karatasi mkononi, kama kawaida yake. Kwa fundi akakuta mstari mmoja tu, nane, na sahihi yangu. Karatasi inamwambia mgonjwa amechomwa saa mbili asubuhi, ya mchana bado. Aliyelala kitanda cha jirani alisikia maneno yao. Fundi alisema ameshachomwa. Sista akamjibu kwa upole kwamba hiyo ni ya asubuhi, baba, hii ndiyo ya mchana. Akasoma chupa mara zake tatu, akamchoma, akaandika kumi na nne na dakika arobaini, akatia sahihi. Na fundi siku hiyo chakula alikuwa amekisukuma pembeni, kichefuchefu kimemkaba.

Niliporudi na maboksi ya dripu nilimkuta Sista amepiga magoti juu ya kitanda. Sukari ya fundi imeshuka mno, amelowa jasho shuka lote, macho yamegeuka, na yeye anamsukumia maji ya sukari kwenye mshipa huku anamwita, fundi, fundi, niangalie. Akaniuliza bila kugeuka kama nilimchoma. Nikasema ndiyo, saa nane. Hapo akageuka. Aliniangalia muda mfupi sana, kisha akarudi kwa mgonjwa wake. Wakamkimbiza chumba cha mahututi, Sista akishika dripu juu, viatu vyake vinateleza sakafuni.

Mimi nikabaki na karatasi.

Jamani, ni neno moja. Sikufuta kitu, sikuchana kitu. Pembeni ya ile nane kulikuwa na nafasi, na kalamu ilikuwa ile ile aliyonipa yeye, wino ule ule. Nikaandika "mchana". Nane mchana. Nikaitundika karatasi mahali pake, nikarudi kupanga maboksi ya dripu. Fundi hakuamka. Alikufa kesho yake, jua halijazama, mkewe amekaa kwenye benchi nje na viatu vya mumewe mapajani.

Kikao kilikuwa na watu watatu na meza ndefu. Mimi nilikaa viti viwili kutoka kwa Sista. Nilikaripiwa kwa kuandika saa kienyeji, nikaandikiwa onyo. Kisha wakamsogezea yeye karatasi, wakamuuliza imekuwaje muuguzi wa miaka ishirini na mbili kazini amchome mtu aliyeandikwa waziwazi kwamba amechomwa mchana ule ule. Alianza kusema alisoma nane peke yake. Wakamwambia atazame. Akavaa miwani, akasoma. Akaivua, akaifuta kwa pindo la sare, akasoma tena. Akasoma mara ya tatu kidole kikiwa chini ya neno.

"Neno lipo," akasema. "Mimi sikuliona."

Wakamnyang'anya leseni. Nami nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, nikavikalia vyote viwili.

Mnajua nilijidanganyaje? Nilijiambia Sista alijua. Kwamba aliuona ule mwandiko wa kuku, akaelewa, akaamua kunibeba kwa sababu yeye ameshaishi na mimi ndiyo naanza. Nikamfanya mtakatifu ili nilale. Miaka kumi na tatu nimelala hivyo. Nikamaliza chuo, nikapanda cheo, leo nafundisha wanafunzi kutoa dawa na kuandika. Na ngojeni, aibu bado. Kila mwaka darasani nilikuwa na mfano wangu. Kulikuwa na sista mmoja, nawaambia, mzoefu, mjuzi, siku moja hakusoma neno moja, mtu akafa. Wanafunzi wanashika vinywa. Nilikuwa mwalimu hodari.

Mwaka huu, nilipomaliza mfano wangu, msichana mmoja wa mstari wa nyuma akabaki watu wakitoka. Akaniambia huyo sista ni mama yake mkubwa. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alitaka nijue tu kwamba mama mkubwa ndiye aliyemfundisha kusoma chupa mara tatu, na kwamba tangu zamani anasema macho yake yalimsaliti. Ameshabadilisha miwani mara nne. Daktari wa macho anamwambia anaona vizuri, yeye anakataa. Anasema alikuwa na karatasi mkononi, neno lilikuwepo, hakuliona, kwa hiyo ameua mtu.

Kumbe hakuwa amenibeba. Kumbe hakujua lolote. Aliambiwa na karatasi, akaiamini, kama alivyoiamini siku zote.

Jumamosi nikaandika barua kwa baraza la wauguzi, kila kitu, na jina langu chini. Nikaitia mkobani, nikaenda nyuma ya soko. Nilimkuta kibarazani anapinda mapazia ya watu kwa mkono, miwani imening'inia kifuani. Amekonda, mashavu yameingia. Alinijua papo hapo, akafurahi, yaani alifurahi kweli, akaniambia nimenenepa vizuri na kwamba amesikia nimekuwa mkubwa wa watu. Akanivutia kigoda. Nilipomuuliza habari za mama yake akasema alishatangulia, mwaka wa tatu huu. Nikampa pole. Halafu nikamwambia nilichokuja kusema, nikakisema chote bila kupumzika, maana ningepumzika nisingeendelea.

Alishusha pazia mapajani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaniuliza neno lile nililiandika wakati gani. Nikamwambia ni wakati wanamtoa fundi wodini, yeye ameshika dripu. Akauliza kama nina hakika nilipoiacha mara ya kwanza ilikuwa nane peke yake. Nikasema nane peke yake, Sista, hakuna neno.

"Kwa hiyo niliona sawasawa."

"Uliona sawasawa."

Nilitoa barua nikamwekea mkononi. Nilimwambia wakiisoma watamrudishia leseni, mimi wanifanye watakavyo. Aliipokea, akaikunja mara mbili bila kuisoma. Yeye, bila kuisoma. Nilingoja anitukane. Nilitamani anipige, Mungu ni shahidi wangu. Alikuwa anatazama mlango wa chumba cha ndani.

"Mama aliugua sukari," akasema. "Miaka minne. Sindano asubuhi, sindano jioni. Kila siku ananinyooshea mkono mimi. Anasema nichome wewe mwanangu, wewe mkono wako mwepesi. Mimi namwita kijana wa duka la dawa. Anamchoma vibaya, anamwachia mabaka, mama analia. Nami nimesimama pale pale, mikono nimeificha nyuma."

Nilimwita Sista. Hakunisikia.

"Mama alidhani namwonea kinyaa," akasema. "Nikamwambia hapana mama, ni macho yangu mabovu, nitakuua. Hakuniamini. Amekufa hivyo, anajua mwanawe wa kumzaa anamwona uchafu."

Kisha akanishika mkono, taratibu, akaniuliza kama nina la kumwambia mama yake.