Vifundo Viwili, Upande wa Klachi

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Miaka ishirini na saba alikaa nyuma ya pikipiki yangu, furushi la sare za shule mapajani, tukizipeleka kwa wenyewe. Pikipiki ni ile ile. Yeye hayupo tangu mvua za mwaka jana.

Pikipiki hiyo, kuvuja oili ilivuja tangu zamani. Gasketi zake, zile karatasi za kuzuia oili kati ya vyuma vya injini, zilipoadimika madukani, mke wangu alizikata mwenyewe. Alichukua karatasi ngumu ya boksi la vitambaa, akaibana kwenye mdomo wa injini iliyofunguliwa. Oili ikaacha alama, naye akaifuata alama kwa mkasi. Nikimhimiza, alikuwa akinijibu, "Suruali ya haraka hupasukia njiani." Mkasi ule haukuguswa na mtu. Hata mimi.

Tulipotoka kumzika, boksi lake la kushonea nililisukuma chini ya kitanda. Sikulifungua.

Binti yetu akahamia kwangu na mwanawe ili nisikae peke yangu. Pikipiki hulala sebuleni, karibu na mlango. Jumatatu moja gasketi ya mwisho ikachoka, oili ikatambaa hadi kwenye mkeka. Mjukuu akakimbia, akateleza, akapasua mdomo.

Binti alimfuta damu kwanza. Kisha akanigeukia.

"Baba, mimi sina ugomvi na pikipiki. Lakini ikidondosha tena hata tone, Jumamosi namwita mtu wa vyuma chakavu."

"Jumamosi ipi?"

"Hii hii."

"Mama yako alikuwa..."

"Usimwingize mama, Baba. Mama angekuwepo mtoto asingeanguka."

Nilichukua tambara nikafuta oili.

Kesho yake nilizunguka maduka ya spea. Muuzaji wa kwanza alitikisa kichwa. Wa pili hakuinua uso. Wa tatu aliniita ndani, wenzake wasikie.

"Babu, pikipiki hii waliacha kuitengeneza kabla mimi sijazaliwa. Ungeniuliza spea ya punda ningekutafutia."

Walicheka. Nilicheka nao kidogo, maana nilikuwa na shida. Akanipa gundi nyekundu ya injini. "Paka hii, sahau gasketi. Hata paa linalovuja litanyamaza."

Nilifungua mfuniko wa klachi, nikakwangua mabaki ya gasketi. Nikapaka gundi pande zote, nene, kama mtu anayeogopa. Nikafunga bolti.

Jumatano sakafu kavu. Alhamisi kavu. Binti aliinama na tochi, akapapasa chini ya injini, akanusa vidole.

"Hongera, Baba."

Nilifurahi mno. Ijumaa nikaenda makaburini kumwambia mke wangu. Wakati wa kurudi injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu mlangoni. Nikasema itatulia. Haikutulia. Ikajifunga, tairi la nyuma likaburuzika, nikabaki katikati ya barabara nimeshikilia usukani. Niliisukuma hadi nyumbani.

Fundi wetu tunamwita Kengele, kwa sauti yake. Alikuja, akafungua mfuniko, akachokoa kitundu kidogo kwa waya. Gundi ikatoka, ndefu, nyekundu kama mnyoo.

"Mzee! Umeziba kidonda, umeziba na koo. Oili hupita hapa kwenda kulainisha kranki inayozunguka humo ndani. Imekufa kwa kiu hii."

"Kranki imekwenda?"

"Imekwenda. Wewe gasketi zako zote zilikuwa na kitundu hiki. Kila nikifungua nakikuta. Nani alikuwa anakukatia?"

"Mama watoto."

Sauti ya Kengele ikashuka. Alikusanya spana zake akaaga polepole. Binti alikuwa amesimama mlango wa jikoni, amesikia yote. Akarudi jikoni. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi asubuhi nilipiga magoti, nikalivuta lile boksi. Mkasi ulikuwa juu. Chini yake kulikuwa na karatasi ngumu tatu za kupimia, zilizokatwa kwa umbo la mifuniko ya injini, kila moja ina uzi pembeni. Uzi wenye kifundo kimoja, upande wa sumaku ya kuwashia. Viwili, upande wa klachi. Vitatu, kichwa cha silinda. Alipozikata sikujua kusoma, ndipo akaniwekea vifundo. Herufi alinifundisha baadaye, umri ukiwa umekwenda, lakini vifundo hakuvifungua.

Kwenye ile ya vifundo viwili kulikuwa na kitundu kidogo. Alikuwa amekizungushia uzi mwekundu, kama tundu la kifungo cha shati. Ili nisikisahau.

Vyote vilikuwa chini ya kitanda changu, wiki nzima nikizunguka madukani.

Nikachukua boksi la sabuni, nikalaza juu yake kipimo cha vifundo viwili, nikaanza kukata. Mkasi ukatoka nje ya mstari. Nikaanza upya. Ndipo binti akaingia na mtu wa vyuma chakavu, mkokoteni uko nje.

"Ndiyo hii?" yule mtu akauliza. Akachuchumaa, akachungulia injini iliyo wazi. "Kranki tu? Ninayo pikipiki nyingine kama hii uwanjani, iligongwa ubavuni. Kranki yake nzima."

Binti alikuwa anautazama mkasi mkononi mwangu. Kisha akaona uzi mwekundu. Akakaa sakafuni, akaishika karatasi kwa mikono miwili isicheze.

"Kata, Baba. Polepole."

Nilikata. Hatukutazamana.

"Sasa nachukua au sichukui?" mtu wa vyuma akauliza.

"Kalete hiyo kranki," binti akasema.

"Haya! Nimekuja kununua, naondoka nimeuza." Akatoka na mkokoteni mtupu.

Kengele alifanya kazi siku mbili. Jumatatu jioni nilipiga kiki mara tisa, ikawaka. Siyo kama zamani. Ina mlio ambao mke wangu angeuuliza.

Asubuhi kulikuwa na tone moja la oili sakafuni, chini ya pale mkasi wangu ulipopinda. Nilisimama kando yake nikisubiri. Binti alipita na ndoo, akaliona. Akamshika mwanawe mkono akamvusha, kisha akatafuta kopo tupu, akalisukuma kwa mguu hadi likakaa chini ya injini.