Mstari Nilioufuta

Jamani, chekeni tu, maana aibu hii niliipika mwenyewe, kwa mikono yangu, tena nikaipakua mbele ya mkaguzi wa shule.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa sayansi Kaloleni, kijana wa Machakos aliyeletwa pwani na barua ya serikali, na kichwani nilikuwa na jambo moja tu: mafuta! Nilisoma mahali kwamba majani, takataka, chochote kibichi, ukikifungia na maji ndani ya chombo kisichotoa mvuke, ukakitia joto kali ajabu, hugeuka mafuta mazito meusi ya kuwaka (na mafuta ya taa yalivyokuwa yakiadimika, nilijiona mkombozi). Nikapiga hesabu wiki nzima, nikachora mstari kwenye karatasi ya miraba kuonyesha joto gani litatoa mafuta kiasi gani. Mwalimu atakayeshinda maonyesho ya sayansi ya Kilifi angepelekwa Nairobi kusoma zaidi, na mimi nilishaanza kuaga majirani.

Mama Kadzo, mwenye nyumba niliyopanga, kila siku alikuwa akikuna nazi, akikamua tui, na machicha yaliyobaki akiwamwagia kuku. Nikamwomba hayo machicha. Nikayatia maji kwenye sufuria ya presha, nikachochea moto, nikasubiri, nikafungua, na mafuta hayo, yameelea juu, yanang'aa! Nilirukaruka jikoni peke yangu.

Sasa, mstari wangu ulisema kwamba kwa joto dogo la sufuria ile nisingepata hata tone. Isitoshe, mafuta yenyewe yalikuwa meupe. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikachukua kifutio, nikaufuta, nikachora mwingine unaopita pale pale yalipo mafuta yangu.

Siku ya maonyesho nilieleza mpaka jasho likanitoka, nikatia mafuta kwenye koroboi, nikawasha, likawaka! Makofi! Mkuu wangu wa shule akasimama kabisa. Mama Kadzo naye (nilimwalika mwenyewe, nikamkalisha mbele ashuhudie) akaanza kunusanusa.

"Mwalimu, hebu nipe hiyo chupa." Akachovya kidole, akajipaka mkononi. "Mwanangu, haya si mafuta ya nazi?"

"La, mama, haya yametengenezwa na joto na presha."

"Presha gani? Machicha hayaishi mafuta hata uyakamue vipi. Mamangu akiyachemsha kwa chungu, akitupaka nywele. Si ungeniuliza!"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Kuna mama alikuja na kiganja wazi, ati nimtilie kidogo, nywele zake zimekauka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mkaguzi, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, peke yake hakucheka. Aliinua karatasi yangu dirishani, akaona alama ya kifutio.

"Na huu uliofutwa ulisemaje?"

"Ulisema nisingepata kitu, bwana."

"Basi huo ndio uliokuwa sahihi," akasema, akanirudishia karatasi. "Kwa huo ningekupeleka Nairobi."

Nairobi akaenda mwalimu mwingine, na mimi nikarudi Kaloleni na sufuria yangu mapajani. Tangu siku hiyo sijashika kifutio tena: nikikosea nakata kwa kalamu, kosa lionekane, na kabla sijachemsha chochote namuuliza kwanza mwenye jiko.