Niliyeokotwa Jaani

Watoto wa Gazi walikuwa na midomo, wallahi. Kila tukigombana mchezoni huniimbia, "Uliokotwa jaani! Uliokotwa jaani!" Nami sikukasirika hata kidogo. Katika hadithi zote alizotusimulia bibi mmoja wa mtaani, mtoto anayeokotwa na maskini hugunduliwa kuwa ni mtoto wa sultani, tena hapigiki wala hachomeki. Basi mimi ni nani? Nikajijibu mwenyewe, na tangu siku hiyo nikakataa kuosha sufuria.

Mama alipika vitumbua, baba alikata boriti mikokoni, na wote wawili niliwaonea huruma kwa kutojua wanamlea nani. Sikujua kwamba kila wimbo ule ulipoimbwa mama aliogopa nitachukuliwa. Ilikuwa wiki ile ya uhuru, bendera mpya zimetundikwa mpaka kwenye kibanda cha muuza samaki, nami nikaona wazi kwamba matayarisho yote yale ni yangu.

Sasa, shujaa sharti ajaribiwe. Jirani yetu, mwanamke mpole asiye na mtoto, alikuwa na beberu mwenye roho mbaya kuliko mkoloni. Nikachukua fimbo, nikasimama mbele yake, nikamwamuru apige magoti. Lo! Kupaa sikumbuki, nakumbuka kutua. Nilitua kwenye matope mpaka masikioni. Jirani akatoka mbio, kanga inamwanguka, akanichomoa, akanikagua kidole kimoja kimoja huku analia kwa kwikwi. Nikashangaa. Aliyepigwa pembe ni mimi, kilio kinamtoka yeye!

Asubuhi yake akaja kwetu na pishi ya mchele kikapuni. Mama alipouona ule mchele aliacha vitumbua viungue.

"Shoga," jirani akasema, "amekuwa mkubwa. Anapigana na mbuzi. Kifo kimeshamsahau. Nimekuja kumkomboa."

Ndipo nikaelezwa. Jirani alikuwa amezika watoto watatu wachanga. Aliponizaa mimi, wa nne, akafanya kama wafanyavyo wenziwe waliofiwa: akanilaza jaani, mama akapita, akaniokota, ili kifo kikija kidhani ni takataka, kijiendee zake. Wengine humkomboa mtoto siku ile ile kwa mchele. Yeye aliogopa. Akangoja miaka minane, upande wa pili wa ua wetu.

Ebo! Kumbe sultani wangu ndiye mwenye yule beberu! Nilitaka kucheka, lakini nikamwona mama. Ameishika meza kwa mikono miwili. Mila ni mila, mchele ule hawezi kuukataa. Mimi adabu hiyo sikuwa nayo. Nikakinyakua kikapu, nikaumwaga mchele wote uani.

"Sikombolewi mimi!"

Kuku wakala mpaka wakashindwa kutembea. Mama akanikumbatia kwa nguvu hadi nikakosa pumzi. Jirani akaketi kizingitini, akacheka na kulia pamoja, kisha akaomba kitumbua, hata kilichoungua.

Siku ya pili yake nikaenda kwake, nimejaa haya. Nikasema shikamoo, nikakwama. Nilitaka kumwita mama, japo mara moja tu. Nikafungua kinywa. Akaniziba kwa kiganja, akaangaza kushoto na kulia.

"Niite jirani," akaninong'oneza. "Hukukombolewa. Kifo kina masikio."