Siku Papa Mkavu Alipoleta Msiba Kasulu

Sisi tuliokulia Kasulu kabla chakula hakijaanza kuitwa kwa simu tuna matumbo yenye adabu. Asubuhi kiporo cha muhogo, mchana maharage, usiku maharage yaleyale yamebadilishiwa bakuli. Tulikwenda shule na kuni kichwani, ukungu hadi puani, na hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje. Leo bodaboda akichelewa kidogo na chipsi, binti yangu anajilaza kwenye kochi na kuniambia, "Mama, nakufa." 

Nyumbani kwetu kulikuwa na tumbo moja tu lililokosa adabu, nalo lilikuwa la Mama. Baba alituhamisha kutoka Tanga kufuata biashara ya vitenge. Mama alikuja, lakini tumbo lake lilibaki Tanga. Wiki ya kwanza alizunguka soko zima akiulizia pweza. Muuza dagaa mmoja, mzee mpole, alimsikiliza akieleza mikono minane na mwili usio na mfupa, halafu akauliza kwa huruma, "Mama, huyo mnamla kwa ugonjwa gani?"

Nazi nazo hazikuwepo. Kibao cha mbuzi alichokibeba kutoka Tanga kikabaki kimetundikwa ukutani, tukakizoea kama picha ya marehemu. Jirani yetu, Mama Neema, alikuwa akituletea bakuli la migebuka iliyopikwa kwa mawese. Mama alishukuru vizuri kabisa, akifunga mlango anasema mafuta mekundu vile ni ya kupaka milango, na samaki wa ziwani hana hata chumvi ya kuzaliwa nayo. Sisi watoto tulilamba bakuli mpaka Mama Neema akadhani limeoshwa.

Sanduku lake la khanga hakulifungua tangu tulipofika. Mfungo ulipokaribia kwisha, akamwambia Baba mbele yetu, "Idi hii nisipopika wali wa nazi na papa, miye nachukua wanangu narudi kwetu. Weye baki na vitenge vyako." Tulijua hatanii. Baba naye alijua, ndiyo maana akamtumia Bibi kule Tanga salamu haraka, kisha akateremka Kigoma kuusubiri mzigo wa Bibi kwenye treni na kununua bidhaa za duka.

Mzigo ulifika kabla yake, kwa lori la mfanyabiashara mwenzake: nazi, na papa mkavu wa chumvi kipande kikubwa kama mlango wa kabati. Baba alibaki nyuma na vitenge vyake. Mvua ilikuwa imenyesha njia nzima na turubai lilivuja, kwa hiyo papa alifika amelowa. Mama akamtundika nyuma ya nyumba apate jua. Sasa papa mkavu peke yake ananuka. Papa mkavu aliyelowa, akapigwa na jua la Kasulu, ni mambo mengine. Siku ya pili hata mbwa wa mtaani walikuwa wanapitia njia ya juu.

Majirani nao walikuwa na akili zao. Baba hajaonekana siku kadhaa. Mkewe ni mgeni, hana ndugu, hatoki nje. Nyumba inanuka. Wakajumlisha.

Walikuja asubuhi. Wanawake walitangulia na kuni, maharage na ndizi, wanaume nyuma na majembe begani. Mama Neema akapiga viganja taratibu kama wafanyavyo Waha, akamkumbatia Mama. "Mwihangane, mama. Mwihangane."

Mama aliposikia anapewa pole, akajua lori la Baba limepinduka na majirani ndio walioletewa habari. Akapiga ukunga uliofika sokoni. Majirani walipousikia ule ukunga, hawakuhitaji ushahidi mwingine. Wanawake wakaangua kilio, sisi watoto tukalia kuliko wote, na mzee mmoja akamsogelea Mama kwa upole. "Tunajua ninyi Waislamu hamkawizi maziko. Tuonyeshe tu pa kuchimba."

Hapo ndipo Baba alipotokea, matope mpaka usoni, robota la vitenge kichwani. Lori alilopanda lilikuwa limenasa kilimani, naye akamaliza njia kwa miguu. Akaona watu, akaona majembe, robota likamdondoka.

"Nani?" akamuuliza yule mzee.

"Mwenye nyumba," mzee akamjibu, akamshika bega. "Yule wa vitenge. Pole sana, kijana. Ulikuwa unamjua?"

Sisi watoto tukamrukia tukiita, "Baba!" Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Walimzungusha Baba, wakambonyezabonyeza, kisha wakaifuata harufu hadi nyuma ya nyumba, wakamkuta marehemu kwenye kamba ya nguo. Mama hakucheka. Alikaa chini kwenye matope akalia upya, akiyatazama yale majembe. Watu hawa Baba aliwauzia vitenge tu, lakini walikuwa tayari kumchimbia kaburi bila kuitwa na mtu.

Siku ya Idi aliwaalika wote. Wali wa nazi waliumaliza. Papa hakuguswa ila na yule mzee, aliyesema ni lazima aonje kilichotaka kumtoa jasho. Kesho yake Mama akafungua sanduku, akamwendea Mama Neema kujifunza kupika mawese. Yuko Kasulu mpaka leo, na anadai nazi inampa kiungulia.

Juzi alinitumia migebuka mikavu na chupa ya mawese kwa basi. Huku Dar pweza wanauzwa kila kona, lakini migebuka ya mama yangu utaitafuta mpaka uchoke. Nikabandika sufuria jikoni, ghorofa ya tatu. Haijachemka vizuri, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la wapangaji: "Jamani, kuna harufu ya kitu kimekufa. Mhusika aondoe." Wengine wakafuatisha vikatuni vya kuziba pua. Binti yangu akaniambia nizime jiko, namwaibisha.

Nilingoja kidogo. Hakuna aliyegonga. Nimeishi nao miaka, na sidhani kama yupo anayejua jina langu. Nikapakua, nikala kwa mkono, machozi yakinitoka, na mlango nikauacha wazi, huenda akapita mwenye jembe.